Uzito wa Chembe: Je, Asiyejua Ana Udhuru?

Alhamdulillahi Rabbil-alamin, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, s.a.w. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika darsa yetu hapa Majengo liliulizwa suali: mtu ana ng'ombe, amjazia hori majani asubuhi na jioni, kisha ng'ombe akakonda mpaka akafa. Je, mwenyewe ana lawama mbele ya Mwenyezi Mungu? Baadhi yetu walijibu upesi: hana, kwani amelisha. Wengine walisema ni jicho la hasidi, wakataja hirizi ya kumfunga mnyama shingoni. Sisi twaona suali hili halifai kujibiwa kwa haraka.

Zama za ukoloni, katika nchi hii yetu, ng'ombe wa masetla karibu na Nakuru walidhoofika na kufa katikati ya majani mabichi, hata ugonjwa ule ukaitwa kwa jina la mji huo. Wakihamishiwa malisho mengine, walipona. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia waligundua kwamba maradhi kama hayo kwao yaletwa na upungufu wa madini yaitwayo kobalti. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huitumia kutengeneza vitamini B12. Ikikosekana, mnyama hupoteza hamu ya kula, na hicho kidogo alacho hakimfai. Na kipimo chake ni yapata sehemu ya kumi ya miligramu katika kila kilo ya malisho makavu!

Wala binadamu hakuepukana na jambo hili. Mvua za milimani huiosha iodini udongoni na kuipeleka baharini. Ndiyo maana nchi za milima zimejulikana kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Mama mja mzito akiikosa sana, mtoto huweza kuzaliwa akili yake imedumaa. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ya umri wake wote haijazi kijiko cha chai. Ndipo Kenya, mwaka 1978, ikaweka sheria kwamba chumvi ya chakula itiwe iodini.

Basi turejee kwenye suali. Wanazuoni wamepambanua baina ya asiyejua kwa kukosa njia ya kujua, na asiyejua kwa kutotaka kuuliza. Wa kwanza ana udhuru, wa pili hana. Mfugaji wa zamani aliyelisha kwa wema kadiri ya elimu ya siku zake, hatumlaumu. Lakini sisi tulio na daktari wa mifugo wa kumwuliza, na chumvi ya ng'ombe yauzwa dukani, tutajibu nini?

Imepokewa kuwa ngamia mmoja alimlilia Mtume, s.a.w., naye akamwita mwenyewe na kumwonya amche Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani amemshtakia njaa na kuchoshwa. Ng'ombe wetu naye aweza kuwa na njaa hali hori limejaa. Hana ulimi wa kutushtaki hapa, Aliyemwumba amjua.

Atasema msemaji: hayo ni majaaliwa, na jicho ni kweli. Nasi hatukanushi majaaliwa wala husuda. Tunalokanusha ni kuvifanya hivyo pazia la uvivu wetu. Mtume, s.a.w., alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Hakumwambia ategemee tu.

Wala hatusemi kila ng'ombe aliyekonda amekosa kobalti. Huenda ni minyoo au maradhi mengine, na madini yakizidi kipimo hudhuru. Kwa hiyo mwulizeni ajuaye. Nyumbani nunueni chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, muifunike isipate jua wala unyevu, na muitie chunguni chakula kikaribiapo kuiva. Na mwenye uwezo asimsahau jirani asiyeweza kununua.

Twasoma Sura ya Az-Zalzala katika sala zetu, nayo yatufunza kuwa tendo lenye uzito wa chembe litaonekana. Tusidhani chembe iliyokosekana horini, au mezani pa mama mja mzito, haitaulizwa.

Wallahu aalam.