Itoe Kanda Kabatini

Nyumbani kwenu kuna kanda ya video ya harusi. Usibishe. Iwe ni Rulenge au Nyakahura, iko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni, na jina la bibi harusi limeandikwa juu yake kwa kalamu iliyokwisha kufifia. Humo babu anacheza, shati limemchomoka. Humo shangazi anawausia maharusi kwa Kihangaza kilichonyooka, ambacho wajukuu walioko Dar es Salaam wakikisikia leo hudhani ni lugha ya majirani. Babu hatunaye tena. Na deki ya kuichezea iliuzwa zamani, kama haijawa kiota cha kuku.

Basi inuka! Funai ya Japani, kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki hizo, iliacha Julai 2016. Zilizobaki ndizo hizohizo, na zinakufa moja moja. Ukungu wa asubuhi milimani kwetu tunaupenda, lakini ule unaoota kwenye utepe ni mwizi. CD za harusi nazo zimekwaruzika, na kompyuta nyingi mpya hazina hata pa kuziingizia.

Sisi watu wa Ngara hatuhitaji kufundishwa thamani ya sura ya ndugu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa takriban siku moja tu, watu waliokadiriwa kufika laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, na Benaco, hapa wilayani kwetu, ikageuka mji wa wakimbizi. Katika msiba ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao. UNICEF na Msalaba Mwekundu walifikia hatua ya kuwapiga picha watoto hao na kuzibandika makambini, ili ndugu anayepita asimame, akazie macho, aseme: huyu ni wetu. Picha moja tu, tena isiyo na sauti! Wewe una saa tatu za sura, nyimbo na vicheko, umezifungia pamoja na vikombe.

Tafuta fundi mwenye deki inayofanya kazi. Kama Biharamulo mjini hayupo, ulizia Bukoba au Mwanza. Usimwachie kanda ukaondoka. Mtume kijana wa nyumbani akae naye hadi irekodiwe kwenye kompyuta. Kisha toa nakala tatu: ya kwanza kwenye hadi diski kwa kaka mkubwa, ya pili kwa dada aliye mji mwingine, ya tatu kwenye intaneti, ambako akaunti ya Google hukupa gigabaiti 15 bure. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Hapo kidole kitakuwasha uirushe video hiyo kwenye grupu la ukoo. Kizuie! Grupu lile lina mashemeji walioachana na dada zetu, na wengine hata haijulikani nani aliwaingiza. Tena WhatsApp huibana video mpaka uso wa bibi unakuwa madoa. Ukilazimika kuitumia, tuma kama faili. Bora uiweke kwenye folda ya mtandaoni na kumwalika kila ndugu kwa barua pepe yake. Ukitumia YouTube, chagua ya faragha, maana ile inayofunguliwa kwa kiungo tu, kiungo chenyewe huvuja.

Kabla ya kualika, kata. Mazungumzo ya mahari, mtoto anayeogeshwa, mgonjwa kitandani: hayo si ya kila jicho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini tangu Mei 2023, lakini mimi sihitaji sheria kujua kwamba mama mdogo ana haki ya kuulizwa kabla machozi yake ya siku ile hayajasafiri hadi Uingereza.

Na walio kijijini wasio na bando? Flashi ipande basi, ishuke Nyakanazi, ifike. Runinga nyingi za siku hizi zina pa kuichomeka. Mketishe bibi mbele, uwaite watoto, uwashe simu yako urekodi anachosema, kwa sababu nusu ya watu waliomo kwenye kanda ile ni yeye peke yake anayewajua kwa majina.

Bibi, huyu mwenye kofia ni nani? Na yule aliyebeba mtoto?