Kodi na Dhamiri ya Mkristu

Neno kodi halipendezi masikioni mwa watu, na sababu yake twaijua. Katika nchi yetu lilianza vibaya. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani iliamuru kila nyumba ilipiwe kodi, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba za vijijini, na asiye na fedha alipe kwa kazi ya mikono. Hakuna aliyeuliza kama mwenye nyumba ana ng'ombe mia au ana jembe moja tu. Ikawa baba wa jamaa yampasa kumwacha mke na watoto, aende kutafuta kibarua katika mashamba ya wageni, apate kuilipa. Kodi hiyo, pamoja na shokoa na pamba ya kulazimishwa, iliwachochea watu wa kusini mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji, na njaa iliyofuata vita iliua wengi kuliko bunduki. Waingereza nao walileta kodi ya kichwa. Baada ya Uhuru zilifuata kodi za namna hiyo kwa majina mengine, mpaka kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Wazee wetu wawakumbuka vijana waliokimbilia porini walipomwona mgambo akija.

Si ajabu, basi, Wakristu wengi wakidhani kwamba kumkwepa mtoza kodi ni werevu wala si dhambi. Mtu aliyeiba kuku ataungama katika kitubio. Mtu aliyeandika nusu ya mauzo yake katika daftari hatalitaja hata kidogo. Mama Kanisa hafundishi hivyo. Katekisimu ya mwaka 1992 yasema kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri, tena yahesabu udanganyifu wa kodi miongoni mwa makosa juu ya amri ya saba, yaani wizi. Lakini Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba mzigo wa kodi hauna budi kulingana na uwezo wa mwenye kuuchukua. Fundisho la kwanza lamfunga raia, la pili lamfunga mtawala. Twaona watu wengi wakilishika lile linalomfunga mwenzao.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha yanayotokea mtawala anapolisahau lake. Mfalme Solomoni alijenga Hekalu na majumba makubwa kwa jasho la watu. Alipokufa, makabila ya Israeli yalikusanyika Sikemu, yakamwomba mwanawe Roboamu awapunguzie nira. Wakifanyiwa hivyo, walisema, watamtumikia. Tuangalie vizuri: hawakukataa kutawaliwa, waliomba nafuu. Roboamu alitaka siku tatu za kufikiri. Wazee wakamshauri aseme nao kwa upole, akaliacha shauri lao, akawasikiliza vijana waliokua pamoja naye, akawajibu watu kwamba atawazidishia mzigo. Kisha, kama kwamba jibu hilo halikutosha, akamtuma kwao Adoramu, msimamizi wa shokoa! Wakampiga kwa mawe hata akafa. Mfalme akapanda gari lake akakimbilia Yerusalemu, na tangu siku hiyo ufalme wa Daudi haukuwa mmoja tena.

Mambo haya si ya kale tu. Tarehe 25 Juni 2024 jirani zetu wa Kenya waliona maelfu ya vijana wakiandamana kuupinga muswada wa fedha, wengine wakaingia ndani ya Bunge, na watu wakapoteza maisha. Siku ya pili yake Rais alikataa kuutia sahihi muswada ule. Nafuu ilikuja, lakini ilikuja baada ya mazishi.

Kwetu pia, Julai 1905 haiko mbali na Julai 2021 kama tudhanivyo, kwa kuwa mnyonge bado ndiye anayehesabiwa upesi. Mwaka huo wa 2021 iliwekwa tozo juu ya fedha zitumwazo kwa simu, tangu shilingi 10 hata shilingi 10,000 kwa kila muamala. Malalamiko yakawa mengi, ikapunguzwa mwaka uo huo. Na katika kila mche wa sabuni mjane hulipa kodi ya ongezeko la thamani sawa na tajiri anunuaye mche kama huo. Lakini kwa mjane shilingi hizo ni mboga ya jioni. Serikali yahitaji fedha, hatulikani. Twasema tu kwamba kabla ya kuongeza kodi juu ya sabuni, wakubwa watazame kwanza magari yao na posho zao.

Jambo hili limewahi kutendeka hapa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kuikataa sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, lakini papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya mawaziri na maofisa wakubwa nayo ikapunguzwa. Mtu aweza kubishana na siasa yake ya uchumi, na maduka matupu ya miaka ya 1980 hatukuyasahau. Kugawa sawasawa hakuzidishi chakula chunguni. Hata hivyo alijua kwamba mlipa kodi huitazama kwanza meza ya anayemtoza.

Sasa tuseme na jamaa zetu. Mfanyabiashara Mkatoliki mwenye bei mbili, moja ya wenye kudai risiti na nyingine ya wasiodai, anaiba. Na mnunuzi anayefurahia bei ile ndogo anamshikia ngazi. Dawa iliyokosekana zahanati yaweza kuwa imo ndani ya droo yake. Na baba na mama wasiokwenda kamwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako mapato na matumizi husomwa, wasishangae fedha zikipotea. Halmashauri za wilaya zilipofutwa mwaka 1972, wananchi waliona jinsi huduma zao zilivyozorota, hata zikarudishwa katika miaka ya 1980. Zimerudi, viti vya mikutano vingali vitupu.

Vijana wale wa Kenya walimbandika Rais wao jina la Zakayo. Pengine walisoma nusu ya habari. Zakayo alishuka mtini, akampokea Yezu nyumbani mwake, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu mara nne. Mt. Luka hasemi kama aliiacha kazi yake ya kutoza ushuru. Yohane Mbatizaji naye, watoza ushuru walipomjia ili wabatizwe, hakuwaambia waiache. Aliwaambia wasitoze kupita kile walichoamriwa.