KIFUA KINAPOWAKA USIKU, USIMTUHUMU JIRANI



Alhamdulillah, twamshukuru Mola aliyetupa chakula na tumbo la kukipokea. Amma baad.

Leo tuzungumze juu ya kiungulia, ule moto unaopanda toka tumboni hadi kifuani, na maji machungu mdomoni. Wengi wakiupata husema: "Nina gastriti." Wengine, na hao ndio walionifanya nishike kalamu, husema: "Nimelishwa sumu, ni karuho." Halafu linatajwa jina la jirani, au la mke mwenza, na ujirani wa miaka ishirini unakwisha.

Hebu tazama, ewe ndugu. Umealikwa walima. Umekula ugali na nyama ya kukaanga, umeongeza sahani, umekunywa kahawa. Umefika nyumbani saa nne usiku, ukalala palepale. Saa saba kifua kinawaka. Nani kakutilia sumu? Mwenyezi Mungu ameweka mlango wa nyama kati ya umio na tumbo, na ndani ya tumbo maji makali ya kusagia chakula. Tumbo likijaa mno, mlango unasukumwa. Mafuta, kahawa na tumbako huulegeza. Ukilala, maji yale yanarudi juu. Tumbo lina utando wa kuyavumilia, umio hauna. Mama mja mzito huyapata bila kosa lolote, maana mimba yenyewe hulegeza mlango ule, na mtoto anasukuma.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza tugawe tumbo kwa thuluthi: chakula, kinywaji na pumzi. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi. Kila Ramadhani tunaisoma, na kila futari tunaisahau kabla ya sambusa ya tatu.

Tena kuna vidonge. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki vinauzwa sokoni kama karanga. Mbeba mizigo huvimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, navyo huchubua tumbo hata kutoa kidonda. Vidonda vingine huletwa na kijidudu, Helicobacter pylori. Mwaka 1982 waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kukiotesha. Watu hawakuwaamini, mwaka 1984 Marshall akakinywa mwenyewe, tumbo likawaka. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kidonda hicho hutibiwa kwa antibiotiki za munganga, si kwa kutapishwa na mtu anayekuonyesha eti sumu iliyotoka.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mola ametukataza dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi.

Basi kula kidogo, ngoja saa tatu ndipo ulale, weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Ukitapika damu, ukiona choo cheusi kama lami, ukikonda, au chakula kikikwama, nenda hospitali leo hii. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho, usiyaite kiungulia; huenda ni moyo, kimbia.

Na yule jirani uliyekwisha mtaja jina, mwendee kabla ya magharibi ya leo, umtake radhi.