Hasira ya Mwendesha Bodaboda ni ya Nani?

Neno bodaboda lilizaliwa huku kwetu mashariki mwa Uganda. Inasimuliwa Busia kwamba katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli zikawa pikipiki, na habari za mpaka zikasahaulika. Jambo moja halijabadilika, nalo ndilo msingi wa insha hii: nyuma ya mwendeshaji ameketi mtu mwingine.

Swali langu ni hili. Dereva mzembe akimchomekea mwendesha pikipiki na kumkosakosa, huyu aliyekosewa afanye nini? Laweza kuonekana swali la shule ya udereva. Mimi naliona ni la maadili, kwa sababu linahusu haki ya mnyonge kukasirika.

Anayesafiri kutoka Jinja kwenda Mbale huanza kwenye barabara ile ile inayobeba malori ya Mombasa kuelekea Kampala, Rwanda na Kongo. Karibu na Kakira huongezeka matrekta yanayovuta matela ya miwa, mengine hayana taa hata moja nyuma. Ukishapita Iganga unakata kushoto Nakalama kuelekea Tirinyi, na huko barabara inanyooka kati ya mabonde ya mpunga. Kunyooka huko ndiko kunakowatia madereva wazimu. Basi linatoka upande wake kulipita lori, na mbele yake inakuja pikipiki ya kilo 110 hivi, imebeba watu wawili na pengine mkungu wa matoke. Nani atashuka kwenye vumbi? Kila mtu anajua. Basi halishuki.

Hapa tunachanganya maswali mawili. La kwanza ni nani akwepe, na la pili ni nani mwenye kosa. La kwanza hujibiwa na uzito wa chuma: mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya pigo huwa mara nne, na hakuna hoja inayoweza kuipunguza. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na kwa swali la kwanza walisema kweli. Lakini methali hiyo ikipelekwa kwenye swali la pili inakuwa sumu. Aliyepisha hajakiri kosa, wala hajampa mwenziwe haki ya njia. Nimewahi kukaa kiti cha mbele katika matatu na kumsikia dereva akisema kwa furaha kwamba watu wa boda "wamezoea kupisha", kana kwamba woga wa mtu ni kibali alichotia saini.

Je, aliyepisha aimeze hasira yake? Seneca, Mrumi aliyeandika kitabu kizima juu ya hasira, alitaka ing'olewe na mizizi yake. Aristotle, aliyemtangulia kwa karne kama nne, aliona kwamba asiyekasirikia mambo yanayostahili hasira ni mpumbavu. Katika hili mimi niko na Aristotle. Hasira ya mtu aliyesukumwa nje ya barabara ni namna ya kujua: anajua kwamba amehesabiwa si kitu. Kumwambia asikasirike ni kumwomba akubaliane na hesabu hiyo.

Lakini kuwa na hasira ni jambo moja, na kuitumia ni jambo jingine. Mwaka jana, karibu na mnara wa saa wa Mbale, matatu iliingia barabarani bila ishara yoyote. Kijana aliyenibeba alifunga breki, tukayumba, tukasimama salama. Kisha akaongeza moto akaifuata, mkono mmoja tayari umeinuliwa kupiga kioo cha pembeni.

"Ssebo, niteremshe kwanza," nikamwambia.

"Nyabo, huyu amenikosea," akajibu bila kugeuka.

Alisema kweli. Alikuwa amekosewa. Ila goti lililokuwa karibu kugusa mlango wa ile matatu lilikuwa langu. (Tangu sokoni tulikuwa tukizungumza Kiganda, alipokasirika ndipo akahamia Kiswahili. Kwa watu wengi wa hapa Kiswahili bado ni lugha ya kambi za jeshi na ya amri. Sisi tunaokisoma tuna kazi hapo, lakini hiyo ni ya insha nyingine.)

Nimelifikiria jibu lake kwa muda mrefu, na naona neno letu la amana ndilo linalofungua fundo. Mtu aliyewekewa fedha za mwenziwe hawezi kuzitoa kulipia madeni yake mwenyewe, hata kama madeni hayo ni halali kabisa. Mwili wa abiria ni amana. Hasira ya mwendesha boda ni yake, na ni ya haki, ila akiitumia barabarani analipa kwa fedha isiyo yake. Ndiyo maana simwambii avumilie kwa kuwa uvumilivu ni mzuri. Namwambia kwamba pale, kwa wakati ule, hana cha kutumia.

Baadhi ya wenzangu darasani walinipinga. Walisema yupo mahali pengine pa kulipia: kundi. Mwendesha boda akigongwa, steji nzima huja kwa dakika chache, na dereva akipatikana hupigwa, vioo vikavunjwa, na gari likachomwa mara nyingine. Wanaotetea jambo hili husema ndiyo mahakama pekee inayowasikiliza. Naelewa. Lakini tazameni imewafundisha nini madereva. Imewafundisha kukimbia. Dereva anayeliogopa kundi hasimami kumbeba majeruhi, kwa hiyo anayelipia kisasi cha kesho ni yule aliyelala leo juu ya lami. Kundi pia halijui kupima. Machi 2022, Nairobi, waendesha boda walimzingira mwanamke aliyekuwa ndani ya gari lake baada ya kudaiwa kumgonga mmoja wao, wakamdhalilisha mchana kweupe. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako, na pikipiki zikakamatwa za watu ambao siku ile hawakuwapo hata karibu. Sijui ni haki gani ya yule aliyegongwa iliyopatikana hapo.

Iko pingamizi nzito zaidi. Nikimtaka mnyonge akwepe, atulie, amlinde abiria, je, simtwishi yeye mzigo wote na kumwacha mwenye basi huru? Ndiyo, mzigo hauko sawa, na sitaki kuupamba. Kukwepa ni deni ambalo dereva wa basi hajalilipa. Deni lisiloandikwa husahaulika, kwa hiyo hasira inabidi ihifadhiwe, pamoja na namba ya gari, saa na mahali.

Hili si wazo la vitabuni. Steji moja Jinja, si mbali na soko kuu, mwenyekiti ana daftari la shule lenye mistari. Anayechomekewa hufika, humteremsha abiria, hutaja namba, nayo huandikwa. Niliomba kuliona likiwa na namba 19. Namba ya matatu moja ilijirudia mara tatu, na tarehe zake zilikuwa za wiki mbili tu. Nikauliza ni ngapi zilizopelekwa polisi. Hakuna hata moja.

"Nikifika pale," alisema kijana mmoja, "la kwanza wataniuliza leseni yangu."

Hakuwa nayo, na wengi wa steji ile hawana. Kwa mantiki, kosa lake halifuti kosa la matatu. Yeye analijua hilo kuliko mimi, ila anajua pia nani angelala ndani usiku ule. Nilipopita tena mwezi uliofuata, mwenyekiti alikuwa amewatenga watatu wenye leseni ili wao ndio walipeleke daftari, na walikuwa bado wanabishana nani aanze.