Je, Ni Kweli Kwamba Ajali Haina Kinga?



Bahari ya Arabuni ina misimu miwili ya vimbunga kila mwaka: Mei na Juni, kabla ya pepo za kusi kukaza, halafu Oktoba na Novemba, zinapokuwa zimelegea. Kila msimu ukifika, simu zetu hujaa picha za mawingu yanayozunguka na ujumbe wa "ombeeni Oman". Na kila mvua kubwa ikiacha msiba, tunaambiana maneno mawili tuliyokuja nayo kutoka nyumbani. La kwanza: kazi ya Mungu haina makosa. La pili: ajali haina kinga.

Maneno haya yamewafuta machozi wazazi wetu kwenye matanga mengi, na hakuna anayetaka kuyadharau. Lakini sisi tunaoishi Muscat tuna sababu ya kuyauliza swali. Je, tunapoyasema huwa tunamfariji aliyefiwa, au tunajiondoa wenyewe kwenye hesabu?

Tuanze na kimbunga chenyewe. Maji ya bahari yakifikia joto la nyuzi 26 au 27 na kuendelea, mvuke mwingi hupanda hewani. Ukifika juu hupoa, hugeuka wingu na mvua, na katika kugeuka huko huachia joto uliolibeba kutoka baharini. Joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi, na hewa nyingine hukimbilia chini kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo inayokimbia hupinda, na mzunguko mkubwa huanza. Ukiendelea kupita juu ya maji ya moto, unapata nguvu. Ukikutana na nchi kavu au na hewa kavu ya jangwani, unakufa pole pole.

Mwishoni mwa Septemba 2021 kimbunga kilichoitwa Gulab kiliingia mashariki mwa India. Kilivuka nchi kavu kikiwa kimedhoofika, mabaki yake yakatokea upande wa pili, yakakuta bahari yenye joto, yakapata nguvu upya na jina jipya: Shaheen. Siku ya Jumapili, tarehe 3 Oktoba 2021, kikapiga pwani ya Batinah, upande wa Al Musanaah na Suwaiq. Al Khaburah ilipata zaidi ya milimita 300 za mvua kwa muda wa siku moja, wakati Muscat kwa kawaida hupata kama milimita 100 kwa mwaka mzima. Mnaijua milima yetu ya Hajar: ni mwamba mtupu. Maji hayana pa kuzama, basi yote huteremka kwenye wadi kwa pamoja, na wadi iliyokuwa kavu asubuhi inabeba magari jioni.

Hadi hapa hakuna wa kulaumiwa. Bahari haimjui tajiri wala maskini, mwenyeji wala mgeni. Kama tungeishia hapa, ule msemo wa ajali ungekuwa na haki yake.

Lakini tutazame ni nani aliyefikwa na nini. Hata kabla kimbunga hakijaingia nchi kavu, kilima kiliporomoka juu ya makazi ya wafanyakazi katika eneo la viwanda la Rusayl. Wafanyakazi wawili kutoka Asia walikufa. Watu wale hawakufuata hatari. Walikuwa mahali walipopewa kulala. Mvua ndiyo iliyolegeza udongo, lakini mvua haikuamua kwamba watu wataishi chini ya kilima kile. Uamuzi huo ulikuwa wa binadamu, na ulifanyika siku ya jua.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu anaukumbusha umati habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18. Watu wa wakati ule walidhani kwamba anayeangukiwa na mnara lazima awe na dhambi kuliko jirani yake. Yesu anakataa wazo hilo waziwazi. Waliokufa hawakuwa wabaya kuliko waliobaki. Kisha anawageukia waliobaki, na kuwataka wao watubu. Swali linaondolewa kwa marehemu na kuwekwa mbele ya walio hai.

Mara nyingi tunaisoma habari hii kama onyo kuhusu kifo cha ghafla, na ni kweli inaonya. Lakini kutubu maana yake ni kugeuka, na anayegeuka lazima kuna jambo analoliacha na jambo analolianza. Mbele ya mnara ulioanguka, aliye hai ana maswali yake mwenyewe: minara mingine iko katika hali gani, na ni nani anayelala chini yake?

Kwamba kinga ipo, nchi hii yenyewe ni shahidi. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipiga Oman na kuua watu wapatao 50. Wale waliokuwepo wanakumbuka barabara zilizokatika na siku za kukosa maji na umeme. Baada ya hapo yalijengwa mabwawa ya kuzuia mafuriko, na mfumo wa kutoa tahadhari ukaimarishwa. Shaheen ilipokaribia, serikali ilitangaza mapumziko ya siku mbili ili watu wasitoke, shule zikafanywa makimbilio, na watu wa maeneo ya chini pwani wakahamishwa. Walikufa watu wasiopungua 11. Ni kweli kwamba vimbunga havilingani, na kila mmoja wa wale 11 alikuwa na mama. Lakini hakuna anayeweza kusema kazi ile ilikuwa bure. Wapo watu wanaotembea leo katika mitaa ya Muscat kwa sababu kuna mtu aliyeamua mapema.

Kinga ikipungua, matokeo nayo tumeyaona. Aprili 2024 mvua kubwa ziliua takriban watu 20 nchini, miongoni mwao watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari lililosombwa na maji ya wadi huko Samad Al Shan. Msiba ule uliunyamazisha mji wote, na hapa si mahali pa kumhukumu mtu yeyote. Ni mahali pa kukiri tu kwamba watoto hawajipangii safari.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuna kumbukumbu ya zamani zaidi inayofundisha jambo hili hili. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar, kisiwa ambacho kwa kawaida hakifikiwi na vimbunga. Sayyid Barghash, wa ukoo huu huu wa Busaidi unaotawala Oman, alikuwa kwenye kiti kwa mwaka wa pili. Merikebu zilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Pemba haikuguswa sana, na kilimo cha karafuu kikahamia huko kwa nguvu. Wenye mashamba walipoteza mali, hilo halina ubishi. Lakini mikarafuu mipya haikujipanda yenyewe. Ilipandwa na watumwa, na haja ya watumwa ikaongezeka, mwaka mmoja tu kabla ya mkataba wa Juni 1873 uliokataza kuwasafirisha kwa bahari. Upepo ulipiga kwa saa chache. Mzigo wake ukabebwa kwa miaka, na watu ambao hawakuwa na mti hata mmoja.

Atasema mtu: "Ndugu, hayo ni mambo ya wakubwa. Mimi ni mfanyakazi kwenye nchi ya watu. Sikujenga kambi wala sipangi barabara." Ni hoja ya haki. Hatuwezi kuulizwa juu ya tusiyoyaweza. Wengi wetu hata chumba tunacholala hatukukichagua.

Na mwingine atasema: "Je, tumwambie mama aliyefiwa kwamba mwanawe angeweza kuokolewa?" Hapana. Tofauti kubwa iko hapo. Neno lile lile huwa na uzito tofauti kinywani mwa watu tofauti. Aliyefiwa akisema kazi ya Mungu haina makosa, anasali, na sisi tunaitikia amina. Lakini aliyekuwa na uwezo wa kumhamisha mtu asimhamishe, akilisema neno hilo hilo, anamsingizia Mungu kazi ambayo Mungu hakuifanya. Matangani tunyamaze na kulia pamoja. Kabla ya matanga ndipo tuna la kusema na la kutenda.

Maana uwezo mdogo tunao, na uwezo mdogo nao una hesabu yake. Wapo miongoni mwetu madereva wa mabasi ya wafanyakazi, na wapo wasimamizi wa zamu. Msimamizi anayemwambia kijana "vuka tu, maji ni madogo" ameshaamua jambo zito. Maji yanayokwenda kasi, yakifika kwenye magoti ya mtu mzima, yanaweza kuliinua gari, na sheria ya barabara ya nchi hii inamwadhibu anayevuka wadi inayotiririka. Mshahara wa siku moja haufai kuwa bei ya roho ya mtu. Wala mtu asivuke wadi ili awahi ibada. Mungu anasikia pia kutoka sebuleni.

Wapo pia dada zetu wa kazi za ndani, ambao wengine hawatoki bila ruhusa na hatuwaoni kanisani kwa miezi. Je, tunajua wanakaa mtaa gani? Wana namba ya polisi ya dharura, 9999? Tahadhari za hali ya hewa hutolewa kwa Kiarabu na Kiingereza, na si kila mmoja wetu anasoma lugha hizo. Kumtumia ndugu ujumbe wa sauti kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba mvua inakuja saa fulani na asilale chumba cha chini, ni kazi ya dakika mbili. Kila ushirika wa nyumbani unaweza kuwa na orodha fupi: nani analala wapi, nani yuko karibu na wadi, nani ana gari, na nani ana nafasi ya godoro moja sebuleni.

Tumezoea kuulizana tunakotoka: Kigoma, Kisumu, Bukavu, Mbale. Msimu huu tuulizane pia tunakolala. Mtu usiyejua anakolala utamwombea, lakini hutaweza kumfuata kabla maji hayajafika. Mungu atupe jicho la kuona mapema, na ujasiri wa kubisha hodi siku ya jua.