Je, Mwenye Moshi Adai Shukrani?

Yako maneno yanayozidi kusikika siku hizi, hata vinywani mwa watu wenye elimu: kwamba moshi wa viwanda, magari na mitambo ya umeme, ambao tumeonywa mara nyingi kuwa ni hatari kwa dunia, kumbe ni chakula cha miti. Ati achomaye makaa ya mawe na mafuta huyarutubisha mashamba ya watu wote, tena bila malipo. Basi kwa nini alaumiwe? Maneno hayo tusiyapuuze kwa kicheko. Ndani yake mna ukweli, na yafaa kuujua ukweli huo kabla ya kuuliza kama hoja iliyojengwa juu yake ni ya haki.

Mti hupata wapi mwili wake? Wengi watajibu: udongoni. Tabibu mmoja wa Flanders, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche wa ratili 5 katika udongo mkavu wa ratili 200, akaunywesha maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Akadhani mti wote umetokana na maji. Habari hizo zilichapwa mwaka 1648, nao wataalamu waliomfuata wakagundua polepole kwamba sehemu kubwa ya mti mkavu hutoka hewani. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, nayo iliingia kwa matundu madogo sana ya majani, ndani ya hewa iitwayo kaboni dayoksaidi, au, kama wengi wasemavyo sasa, hewa ukaa. Aushikaye mlango wa mninga ashika kitu ambacho zamani kilikuwa upepo.

Hewa hiyo imeongezeka. Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Charles Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa zimefika 315 hivi. Leo zimepita 420. Nayo mimea imeitikia. Uchunguzi wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1982 majani yalikuwa yameongezeka katika robo hadi nusu ya ardhi yote yenye mimea, na sababu kubwa ni hewa hii. Tena hewa ukaa ikizidi, matundu ya majani hufumba kidogo, na mmea huokoa maji. Ayakanaye haya kwa sababu tu yanamfaa mpinzani wake, hatendi haki.

Lakini ni nani anufaikaye? Mpunga, ngano, maharage, mihogo na karibu miti yote yaweza kupokea nyongeza hiyo. Mahindi, mtama, uwele, ulezi na miwa ni jamii nyingine. Mimea hiyo ina namna yake ya kuikusanya hewa ndani ya jani, mithili ya mtu mwenye pampu kisimani. Hewa ya zamani iliitosha, na nyongeza haiifai sana ila wakati wa ukame. Basi mla mkate ameongezewa, na sufuria ya ugali imepata makombo. Hata mla mkate asifurahi upesi: majaribio yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ngano na mpunga uliokuzwa katika hewa ukaa nyingi hupungukiwa chuma na zinki, vitu ambavyo mama mjamzito na mtoto mchanga huvihitaji kuliko wengine.

Na miti je? Karibu na Sydney, Australia, wataalamu waliupulizia msitu wa mikaratusi hewa hiyo kwa miaka kadhaa. Majani yaliivuta zaidi, lakini miti haikunenepa, kwa kuwa udongo ule ni maskini wa fosforasi. Hewa ya ziada ilirudishwa ilikotoka. Wengine walihesabu pete za miti katika misitu ya Bolivia, Kameruni na Thailand, wakatangaza mwaka 2015 kwamba kwa miaka 150 hawakuona ukuaji wowote ulioongezeka. Mtu hanenepi kwa kuongezewa chumvi, kama unga haupo.

Sasa turudi kwenye swali la haki. Svante Arrhenius wa Sweden, aliyekokotoa mwaka 1896 jinsi hewa hii iwezavyo kuipasha dunia joto, alitumaini kwamba joto hilo lingeleta mavuno mengi. Alitumaini kwa dhamiri safi, maana madhara hayakuwa yamejulikana. Wa leo hana udhuru huo. Ajua joto lililozidi na mvua zilizovurugika, na huendelea kuchoma kwa faida yake mwenyewe, si kwa kuwahurumia wakulima. Tokeo jema ambalo hakulikusudia, wala hakulifanyia kazi, laweza kuwa bahati ya mwingine. Haliwi stahili yake. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Afrika nzima haifiki asilimia 5.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Ng'ombe wa tajiri wameingia shambani mwa jirani usiku, wakala mahindi, wakaacha samadi. Asubuhi tajiri aenda kwa jirani na ankara ya samadi. Samadi ni kweli ipo, na ni njema. Baraza la wazee lisingemkana. Lingehesabu kwanza mashina yaliyoliwa. Kisha, kama bado angesisitiza habari ya samadi, lingekwenda naye kutazama imeangukia kwa nani, maana ng'ombe hawa walikula kwa mmoja, na sehemu kubwa ya samadi waliiacha kwa mwingine.