Mpiga Ramli Auza Nini?

Yeyote apitaye katika mitaa ya miji yetu ameyaona matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi: mganga ametoka mbali, amrudisha mpenzi aliyeondoka, aleta kazi na cheo, auza pete ya bahati, amjua adui yako kabla hujafungua kinywa. Chini pana namba ya simu. Wengi wetu twapita tukicheka. Lakini matangazo hayo yasingebandikwa kila juma kama pasingekuwa na watu wazipigao namba hizo; na kati yao wamo Wakristo wenzetu, tena wenye elimu. Basi yafaa tuulize pasipo kucheka: mtu huyu auza nini hasa, na kosa lake ni lipi?

Kwanza tusichanganye mambo. Hatumsemi kila mtu ajuaye mizizi na majani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 yaitambua tiba asili na yataka mganga aandikishwe. Mzee atulizaye tumbo la mtoto kwa dawa ya mti aliyorithi kwa babu yake hana hatia kwa jambo hilo. Twamsema yule adaiye kuyajua yaliyofichika na yajayo, akatoza fedha kwa dai hilo.

Kazi yake haina siri kubwa. Mtu huja amechoka: mtoto haponi, duka limekufa, mume harudi. Hukalishwa kwenye benchi pamoja na wengine, na pengine mmoja wao si mgonjwa bali ni mtumishi wa mganga, amsikilizaye mgeni akilalamika na kuzipeleka habari ndani. Mgeni aingiapo, hustaajabu kwamba shida yake yajulikana. Na asipokuwapo mtumishi wa namna hiyo, maneno ya jumla yatosha: “Una mzigo moyoni. Yupo mtu wa karibu asiyekutakia mema.” Nani kati yetu asiye na mzigo? Mteja mwenyewe hujibu, “Naam, ni shemeji yangu.” Naye akifika nyumbani husimulia kwamba mganga ndiye aliyemtaja shemeji.

Tusimwite mtu huyo mjinga. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi kila mmoja, akidai kwamba ameeleza humo tabia ya kila mmoja peke yake. Akawaomba watoe alama, kutoka 0 hadi 5, kadiri walivyouona ukweli wa maelezo. Wastani ulizidi 4. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, aliyoyachukua katika kitabu cha unajimu kilichouzwa kwenye vibanda vya magazeti! Hao walikuwa vijana wa chuo, wala hawakuwa na msiba. Je, mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni atajilinda vipi?

Kisha huja fedha. Siku ya kwanza ni kidogo tu. Siku ya pili jambo limeonekana kuwa zito, yatakiwa mbuzi. Siku ya tatu yatakiwa fedha za ada ya shule. Bandu bandu huisha gogo. Pamoja na hayo mteja huagizwa asimwambie mtu yeyote, dawa isije ikaharibika; na kwa agizo hilo hutengwa na ndugu, na daktari, na padre, yaani wote ambao wangeweza kumzindua. Mambo yasipotengenea, jibu liko tayari: “Umevunja mwiko.” Hivyo mganga hashindwi kamwe, mwenye kushindwa ni mteja daima.

Wako wasemao: “Amelipa kwa hiari yake, naye ametoka ametulia. Amedhulumiwa nini?” Swali hili ni la haki, nasi twalijibu. Hiari hudai mambo mawili: kujua na kuwa huru. Aliyedanganywa hajui, aliyeshikwa na hofu si huru. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kutumia hila ili kuuza kitu kupita thamani yake ni dhambi. Na hapa hata kitu chenyewe hakipo. Mfa maji hukamata maji. Amwuziaye povu akiliita kamba, asijisifu kwamba mnunuzi hakulazimishwa. Na utulivu ule? Homa ya mtoto haiujui utulivu wa mama. Siku tatu za amani ya uongo ni siku tatu ambazo mtoto hakufikishwa hospitali.

Wengine husema kwamba baadhi ya wapiga ramli huamini kweli kazi yao. Huenda. Lakini apokeaye malipo kwa ajili ya ujuzi apaswa kwanza kupima kama anao. Na yule aliyeweka mtumishi kwenye benchi hawezi kujitetea kwa imani.

Tena ujuzi wenyewe hausimami mbele ya akili. Mtakatifu Agostino, alipokuwa kijana msomi, aliwategemea wanajimu. Rafiki yake Firminus alimsimulia kwamba alizaliwa saa ile ile moja na mtoto wa mtumwa. Nyota zilikuwa zile zile. Lakini yeye alipanda katika heshima, na yule akabaki mtumwa. Agostino akawaza: mnajimu akiwaambia wote wawili neno moja, amemdanganya mmoja, akiwaambia maneno mbalimbali, basi hakuyasoma katika nyota. Tangu hapo aliachana nao.

Lakini kosa zito kuliko yote bado hatujalitaja. Anayeumia si mteja peke yake. Mteja huuliza, “Nani amenifanyia hivi?” naye mpiga ramli lazima ampatie mtu, maana asipomtaja mtu biashara hakuna. Hii ndiyo iitwayo ramli chonganishi. Kanda ya Ziwa yajua matunda yake: vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia watoto wao miaka yote. Yajua pia ndugu zetu wenye ualbino, waliouawa na kukatwa viungo ili watu wengine wapewe ahadi ya utajiri. Mwezi Januari 2015 Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku kazi ya wapiga ramli kwa sababu hiyo, na kufikia Machi mwaka ule zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Basi hapa ndipo tuonapo auzacho: hauzi habari za kesho, auza adui. Mtu aliyeingia hali ameonewa, hutoka akiwa tayari kuonea.

Kanisa lakataza uaguzi wa kila namna, na hivyo ndivyo lifundishavyo katika Katekisimu ya mwaka 1992. Wengine hulidhani katazo hili kuwa wivu wa dini kwa dini. Wasome Matendo ya Mitume, sura ya 16. Huko Filipi Paulo alimponya kijakazi mwenye pepo wa uaguzi. Nao mabwana zake walikasirika, si kwa kuwa mungu wao ametukanwa, bali kwa kuwa faida yao imepotea. Katazo lamlinda kijakazi, na mteja, na yule kikongwe asiyekuwapo kujitetea.

Hata hivyo kukataza hakutoshi. Mpiga ramli humkalisha mgeni, humwuliza jina, humsikiliza saa nzima. Ni nani katika jumuiya zetu afanyaye hivyo bure? Twamwomba kila baba na mama asomaye ukurasa huu: jirani akija na shida yake, asikilizwe mpaka mwisho, asindikizwe hospitali au kwa padre, asaidiwe nauli ikiwezekana. Na akisema kwamba ameambiwa jina la mchawi wake, tusilibebe jina hilo hata hatua moja. Twende kwanza tukaone kama mwenye jina hilo yu salama.